Chupa Mbili za Sosi Nyekundu

Tsss.

Leo nimeumbuka, na aibu yangu ilianza na mlio huo. Nilikuwa bado kitandani, chumba kina giza, sioni hata vidole vyangu. Mlio ulitoka pembeni, kwenye kapu. Ulikuwa mwembamba, wa subira, kama mtu anayevuta pumzi kupitia meno.

Nyoka!

Nikakamata mwiko wa ugali (silaha nyingine sina), nikaipiga pembe ile mpaka vumbi likanitia mvi. Nikafungua dirisha. Mwanga ukaingia polepole, ule mwanga wetu wa Dodoma, mkavu, usio na umande. Hakuna nyoka. Kulikuwa na kapu langu, na ndani yake chupa zangu mbili za sosi, zimesimama wima kama askari wa bomani. Mlio ulikuwa umekoma. Nikajicheka, nikatawadha, nikasali. (Ningelichungulia vizuri lile kapu, saa hizi ningekuwa mtu wa heshima.)

Niwaeleze wale msiojua mambo yangu. Reli ilipopita mbali na Mpwapwa, sisi tuliozoea kuwapikia watu wa misafara tulibaki na masufuria bila misafara. Nikahamia hapa, nikaweka mafiga nje ya uzio wa stesheni. Nje ya uzio, nisikilizeni vizuri! Abiria hawatoki nje. Wanaogopa kuachwa na treni. Ndani kuna banda moja tu la kupikia, na mama aliyekuwa nalo amemfuata mumewe Tabora.

Basi Bwana wa stesheni, Mjerumani, akatangaza kwamba banda atampa yule atakayemfanya amalize nyama ya mbuzi iliyo kwenye sahani yake. Si kazi ndogo. Mbuzi wetu hutembea sana kabla ya kufika chunguni. Bwana mwenyewe alizoea kuila na haradali ya kwao, lakini kichupa chake kimebaki cha kukwangua na kisu, na kingine hakijashuka melini.

Tulijitokeza wawili, mimi na Bi Rukia wa Bagamoyo. Bi Rukia anatengeneza achari ya embe ambayo watu wazima huila wakilia, kisha wakaomba tena. Mimi sikuwa na kitu. Na nikilikosa banda, narudi Mpwapwa kumenya vitunguu katika jiko la mke wa kaka yangu. Huyo mwanamke huhesabu vitunguu. Na maganda.

Aliyenipa wazo ni Kerani Fazal, yule wa tiketi, aliyewahi kufanya kazi na Waingereza kule Mombasa.

"Siwema, mpikie sosi ya nyanya," aliniambia. "Inaitwa kechapu. Waingereza wanaimwagia kila kitu. Mayai, nyama, viazi. Wangeweza wangemwagia na chai."

"Ni ya kwao?"

"Ya kwao wapi! Wachina ndio walioanza. Yalikuwa maji ya samaki waliochachishwa na chumvi, hayana nyanya hata kidogo. Mabaharia wakayaonja, wakayapenda. Waingereza wakajaribu kuiga, samaki wakawashinda, wakatia uyoga. Kisha Wamarekani wakatia nyanya na sukari, na leo kila mtu anasema ni yake."

Nikavutiwa, nakiri. Nikaona kitu hicho kimezunguka dunia bandari kwa bandari, kila jiko linakibadilisha sura, na sasa kimefika Ugogo, kinanisubiri mimi. (Huu ndio ugonjwa wangu. Watu wengine wakisikia chakula wanaona njaa. Mimi naona historia.)

Nyanya nilizipata kutoka bustani ya misheni. Sukari, vitunguu, karafuu na pilipili nilikuwa navyo. Siki ndiyo iliyokosekana. Duka zima halina siki! Nikasimama mbele ya sufuria, nyanya zimeshachemka na kupoa, nikamkumbuka jirani yangu Mama Nyemo, Mgogo, mpika pombe ya mtama. Nikamwendea.

"Nataka pombe iliyochacha kabisa," nikamwambia.

"Weye Mwislamu, wataka pombe?"

"Si ya kunywa. Iliyochacha ni siki."

"Haya. Ila hii bado kidogo. Bado inaongea."

"Naichukua hivyo hivyo."

Alicheka, akanijazia kibuyu. Mimi nikaona ananicheka dini yangu. Nikaichanganya, nikaonja. Jamani, ilikuwa tamu! Kali kidogo, tamu kidogo, na nyuma yake kitu ambacho sikuweza kukitaja kwa sababu za kidini. Nikaitia kwenye chupa mbili za bia za Kijerumani, zile zenye kizibo cha kaure kinachobanwa na waya. Chupa za maana. Zikifungwa hata harufu haitoki. (Harufu!) Nikaziacha jikoni karibu na mafiga, zisipate baridi, na jana usiku nikazitia kapuni, nikalala nazo chumbani.

Basi leo ndiyo siku yenyewe. Nikavaa kanga mpya, nikajitwika kapu, nikapita juani taratibu ili watu wanione. Nikafika ofisini kwa Bwana. Bi Rukia alikuwa ameshakaa, na masufuria yake yote kayapanga miguuni.

"Shikamoo Bi Rukia."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini, dawa ya kikohozi?"

"Sosi."

"Mh. Kwenye chupa ya bia?"

"Nimeiosha, bibi."

"Chupa umeiosha. Sifa yako je?"

Kerani Fazal akakohoa kuficha kicheko. Ofisi ilikuwa nyeupe tupu: kuta nyeupe, kitambaa cha meza cheupe, na Bwana mwenyewe ndani ya sare nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama. Ukutani palikuwa na picha ya mfalme wao, masharubu yamechongoka juu. Chini ya picha palitundikwa kiboko. Kati ya picha na kiboko ukuta haukuwa na kitu, hata msumari.

Bwana akaanza na achari. Akatia nyingi mno, kama mtu anayepaka jamu. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Rangi yake ikapanda kutoka shingoni kama zebaki, machozi yakamjaa, akanywa maji yote ya kwenye jagi.

"Nzuri," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kisimani. Nusu ya nyama ilikuwa bado kwenye sahani.

Bi Rukia akaniangalia kwa huruma ya mshindi.

"Sasa mama wa Mpwapwa," Bwana akasema. "Hii nini?"

"Sosi ya nyanya, Bwana. Imeanzia kwa Wachina."

"Hapana China. Wewe umepika wapi?"

"Nyumbani kwangu, Bwana."

"Gut. Vema."

Akaichukua chupa ya kwanza. Hapo Kerani Fazal, Mungu amsamehe, akainua kidole kama mwalimu.

"Bwana, Waingereza huitikisa kwanza. Sosi hii huwa nzito. Isipotikiswa haitoki."

Bwana alikuwa mtu asiyependa kushindwa na Mwingereza kwa lolote. Akaishika shingo ya chupa akaitikisa. Akaitikisa kama anayefukuza shetani. Na ndani ya chupa nikausikia tena, mwembamba, wa subira.

Tsss.

Nikaelewa kila kitu kwa pamoja: kapu, giza, mwiko, kicheko cha Mama Nyemo. Nikafungua kinywa. Bwana akasukuma waya kwa kidole gumba.

PAA!

Sijui niwaambieje. Sosi haikumwagika. Ilipaa! Ilikwenda darini, ikarudi. Ikapita kwenye sare, ikapita kwenye kitambaa cha meza, ikamwekea Kerani Fazal kilemba chekundu. Bi Rukia alijifunika kwa kifuniko cha sufuria akapona, maana huyo mama amezaliwa na bahati. Kisha tukatazama ukutani. Masharubu ya mfalme yalikuwa yanadondoka nyanya. Tone, tone. Tone moja likatua juu ya kiboko.

Mimi nilikuwa nahesabu vitunguu vya Mpwapwa kichwani, na nilikuwa naviona vitamu.

Bi Rukia akanusa hewa.

"Siwema," akanong'ona, "siki gani hii inayonukia ngoma ya mavuno?"

"Pombe ya mtama," nikanong'ona. "Nilidhani imeshachacha."

"Astaghfirullah! Na hiyo chupa ya pili?"

"Ndiyo hiyo hiyo, bibi."

Sote watatu tukaitazama chupa ya pili. Ilikuwa mezani, kwenye jua la dirishani, imetulia kama mtoto mwenye jambo moyoni.

Bwana alikuwa hajasogea. Sosi ilimtiririka kutoka puani mpaka kwenye ndevu. Ulimi wake ukatoka, taratibu, ukaonja. Akaonja tena. Macho yake yakaenda mbali, nje ya dirisha, ng'ambo ya vilima vyetu vyenye mawe, mpaka nadhani yakafika kwao.

"Bia," akasema kwa upole. "Kuna bia."

"Kidogo tu, Bwana."

Akaketi. Akachukua uma. Nyama iliyobaki ilikuwa imejaa sosi iliyoanguka kutoka darini. Akaila yote. Akapangusa sahani na mkate. Kisha akasema maneno niliyoyaomba kwa Mungu tangu nihame Mpwapwa:

"Banda lako, mama. Kuanzia leo."

Nililia, sioni haya kusema. Nikaona moshi wangu ukipanda ndani ya uzio, nikaona abiria wakiniita kwa jina.

"Na picha utasafisha."

"Ndiyo, Bwana!"

"Na hii," akainyanyua chupa ya pili, "nakula mimi jioni na soseji."

Akaiweka kwapani, palipo na joto. Akaenda zake kubadili sare, na kwa furaha akawa anaimba wimbo wa kwao wa gwaride, anapiga hatua kubwa, na kila hatua chupa inatikisika.

"Mwambie," nikamnong'oneza Kerani Fazal.

"Mwambie wewe. Banda lako."

Nikavuta pumzi. Nikimwambia, ataniuliza kwa nini nilimwacha aitikise ya kwanza. Nisipomwambia, basi, nayo itampasukia. Bi Rukia alianza kukusanya masufuria yake, moja ndani ya jingine, na hakuyaelekeza barabarani. Aliyaelekeza bandani.

Yaliyofuata mmeyasikia wenyewe mpaka sokoni, sina haja ya kuyasimulia. Naomba tu asicheke mtu, na mwenye kwenda Mpwapwa kesho aninong'oneze, nifuatane naye. Nilikuwa mwenye banda la stesheni kwa muda ule Bwana aliochukua kuvuka ofisi. Alifika chumbani kwake, akaingia na chupa yake, sisi tukaziba masikio, na mlango ukafungwa nyuma yake.