Ombi la Kurudishiwa Hitilafu ya Nywila

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,
Ghorofa ya Chini.

Ndugu Mkuu,

Natumaini wewe na mafundi wako hamjambo, na mashine zenu pia. Mimi ni mwandishi wa habari za mahakama katika gazeti letu hili, ghorofa ya tatu, meza iliyo karibu na dirisha lisilofunguka. Nimezoea kuripoti malalamiko ya wengine. Leo naleta langu, na nitajitahidi kulieleza bila chumvi.

Naanza na mambo yalivyokuwa. Seva inayotunza majina na nywila za wafanyakazi wote ilikuwa na hitilafu. Ukibadilisha nywila, taarifa haikufika kwingine: barua pepe ilishika mpya, mfumo wa kupeleka habari kwa mhariri uling'ang'ania ya zamani, na printa ilitaka ya kabla ya hiyo. Ukikosea mara tatu, unafungiwa nje. Hapo utaratibu wenu ulikuwa mmoja: mhusika ashuke mwenyewe na kitambulisho, akae kwenye benchi la korido mpaka Fundi atoe kichwa mlangoni na kuita, "Anayefuata!" kama daktari wa meno.

Mwezi uliopita mliiziba hitilafu kwa kubandika kiraka cha programu, mkalandanisha nywila zote. Sasa moja inafungua kila kitu. Hamkutuuliza. Madhara yake ni haya:

1. Zamani mhariri akiuliza habari yangu iko wapi, nilijibu kwamba mfumo umenikataa, naye alinipa pole. Sasa akiuliza, habari haipo kwa sababu sijaiandika. Pole zimekwisha.

2. Dereva wetu mkongwe, tunayemwita Mzee Gia, alitumia jina la mjukuu tofauti kama nywila ya kila mfumo, na wajukuu wote waliridhika. Mmemlazimisha abaki na mmoja. Waliobaki wanataka kujua ni nani aliyechaguliwa na kwa kigezo gani, na bibi yao ameitisha kikao.

3. Kwenye benchi lile mpigapicha na mchapaji walipatana baada ya kununiana muda mrefu, kwa kuwa kila mmoja aliona mwenzake naye amekataliwa. Sasa wameanza upya kununiana, kila mtu kwenye ghorofa yake.

4. Nafika kwenye kiini. Pale nilikuwa nakaa na Mhasibu, yule dada anayecheka kabla hajamaliza sentensi. Akiniona tu: "Leo tena, Bwana Mahakama? Wewe hata kompyuta inakunyima dhamana!" Nilikuwa nimepanga kumwambia jambo, Ndugu Mkuu, la aina ya kufika mpaka kwa wazazi. Nilishafikia hatua ya kusafisha koo, ndipo Fundi alipotoka na kutangaza, "Jamani, nendeni mkafanye kazi. Imepona!" Watu walipiga makofi. Nami nilipiga.

5. Nimejaribu njia nyingine. Nilikosea nywila makusudi; mfumo wenu mpya ukanitumia namba kwenye simu, nikajifungulia mwenyewe bila kunyanyuka kitini. Nilikwenda dirisha la uhasibu. Lina kioo chenye tundu la kupitishia stakabadhi, na nyuma yangu foleni ilikuwa inakohoa. Jambo langu halipiti tunduni.

6. Sasa nasikia Mhasibu ameomba uhamisho kwenda tawi jipya kupitia mfumo, na ombi linamfikia mkurugenzi wiki hii. Kwa sababu ya kiraka chenu, halikukwama popote. Enzi za hitilafu lingezunguka mwaka mzima.

Kwa hiyo naomba mkibandue kiraka. Ikiwa haiwezekani kwa kampuni nzima, kibanduliwe kwa watu wawili, asubuhi moja tu, na Fundi achelewe kuita. Hilo halihitaji mafunzo. Alikuwa analiweza vizuri.

Nasubiri hatua zako kwa heshima. Nisalimie mafundi wote, hasa huyo wa mlangoni, na dada wa mapokezi, na yeyote anayefuta vumbi kwenye benchi siku hizi.

Mwenzako kazini,
Mwandishi wa Mahakama

Tanbihi: Naongeza haya kwa kalamu. Niliituma barua hii kuchapwa, na kwa kuwa sasa printa zote zinanitambua, ilitokea kwenye ile ya uhasibu. Mhasibu ameileta mwenyewe, ameshaisoma, na ana masahihisho. Kwanza, nywila yake haikuwahi kugoma hata siku moja. Alikuwa anashuka kukaa tu. Pili, alidhani kilichonishusha ngazi ni hitilafu, kwa hiyo ilipopona, akaona nami nimepona, akaomba uhamisho. Akauliza, "Sasa hilo jambo utalisema mwenyewe, au nipeleke barua kwa Fundi aniitie?" Nimelisema. Amevuta kiti kwenye meza yangu, ameingiza nywila yake, na ombi la uhamisho limefutwa kabla sijameza mate. Tafadhali, Ndugu Mkuu, kiraka kisiguswe mpaka taarifa hiyo imfikie mkurugenzi. Na ikishamfikia, kisiguswe pia.