Fuwele ya Yai na Mguu wa Dereva

Jumatatu, 3 Juni 1974
Mwalimu Mkuu ametangaza mstarini. Mwanafunzi mmoja tu, mwenye mradi bora, ataiwakilisha shule kwenye maonyesho ya Saba Saba, Dar es Salaam. Waliobaki watafyatua matofali ya kijiji cha ujamaa likizo nzima. Mimi nalipenda taifa langu. Mgongo wangu ndio unaosita.

Wote wanasema atakwenda Wenceslaus, msimamizi wa mradi wa kuku wa shule. Amebuni kiota cha makuti. Anasema kuku watalala ndani yake. Ajabu kubwa, kuku kulala.

Mimi nina jambo zito zaidi. Nimelisoma katika gazeti la sayansi aliloacha mwalimu wa kujitolea alipoondoka. Wataalamu huchukua ute wa yai, hutia chumvi na kuotesha fuwele za protini, vijipande vinavyong'aa kama kioo. Kisha huzipiga eksirei. Vinukta vinavyotokea kwenye filamu huwaonyesha umbo la protini yenyewe. Vinavyohitajika: yai, chumvi, magadi kidogo, chupa, subira, na mashine ya eksirei. Mjomba Melkizedek anapiga picha za mifupa hospitalini hapa Kilosa. Kwa hiyo nimebakiwa na tatizo la yai tu.

Jumatano, 5 Juni
Yai nimelipata. Sitaandika nimelipataje. Wenceslaus ametangaza darasani kwamba banda limeingiliwa na kicheche.

Letisia, ninayelala naye kitanda cha juu na chini, akaniangalia muda mrefu. Akasema huenda kicheche huyo anavaa miwani.

Gazeti linataka chumvi kidogo sana. Nimetia kijiko kizima. Mwandishi wa gazeti hakuwa na Saba Saba ya kuwahi.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa. Chupa ilikuwa chini ya kitanda changu. Treni ya Kigoma ikapita, bweni zima likatetemeka, na asubuhi nimekuta uji. Ushauri kwa watafiti watakaonifuata: msioteshe fuwele karibu na reli.

Gazeti linasisitiza mahali patulivu na penye ubaridi. Hapa shuleni mahali patulivu ni pamoja tu, kiota cha Wenceslaus, ambacho kuku wote wamekisusa. Nimeifunika chupa kwa kitambaa na kuificha ndani ya makuti.

Jumatatu, 10 Juni
Mtetea mmoja ameilalia chupa yangu.

Wenceslaus anatembea kifua mbele. Kiota chake kimempata kuku wa kwanza. Amekataza mtu yeyote kumsogelea mama kijacho. Nilitaka kumweleza kwamba utafiti wangu unahitaji ubaridi na si joto la kuku. Nikafungua mdomo. Nikamwambia hongera.

Jumamosi, 15 Juni
Mtetea ameondoka, kwa hasira. Simlaumu. Maji yamekauka karibu yote na harufu siielezi. Lakini chini ya chupa kuna fuwele. Moja, kubwa kama punje ya mchele, yenye pembe safi kama kisanduku kidogo.

Letisia amesema inafanana sana na chumvi. Nimemjibu kwa upole kwamba hata sukari hufanana na mchanga.

Gazeti linashauri jaribio la sindano. Ikivunjika kwa mlio, ni chumvi. Ikisagika kimyakimya kama kiporo cha ugali, ni protini. Sikulifanya. Mtu hamchomi mwanawe wa pekee sindano ili ahakikishe kuwa ni mwanawe.

Jumanne, 18 Juni
Hospitalini. Nimemwamkia Mjomba, akaitikia marahaba, halafu akasema filamu ni za wagonjwa, si za mayai. Sikubishana. Niliangalia sakafu tu hadi akanionea huruma. Ndiyo silaha pekee niliyo nayo, na haijawahi kukosa shabaha.

Tumeafikiana hivi: fuwele itajibanza pembeni mwa filamu ya mgonjwa aliyekuwapo, dereva aliyeanguka kutoka kwenye lori lake kule Mikumi. Mguu ulikuwa umevimba hadi katambuga yake, kiatu cha tairi, haikuvulika. Dereva akaiona fuwele, akauliza, "Binti, hiyo ni dawa?"

Nikamwambia ni sayansi.

"Basi isogeze mbali na mguu wangu."

Mjomba aliniruhusu kuinakili picha. Mungu wangu. Vinukta vinne vyeupe, vimejipanga mraba, umbali sawa kila upande. Nililia kidogo nyuma ya stoo ya dawa.

Ijumaa, 21 Juni
Nimepiga hesabu siku tatu. Kulikuwa na matatizo madogo ya takwimu. Kwanza, fuwele yenyewe haionekani popote karibu na vile vinukta. Hilo nimelipuuza. Pili, mfupa wa kisigino umejitokeza katikati. Nimeuondoa kwenye hesabu kwa sababu haukubaliani na matokeo.

Jawabu: protini ya yai ni mraba. Gazeti halisemi hivyo popote. Naamini waliogopa.

Nimemwomba Mwalimu Mkuu amwalike Mjomba kwenye ukaguzi wa miradi Jumatatu, awe shahidi wangu.

Jumatatu, 24 Juni
Shule nzima mstarini. Wenceslaus kwanza, na kiota chake, na yule mtetea ndani. Makofi. Halafu mimi. Nilibandika mchoro ubaoni na kumwonyesha Mjomba kwa kidole, maana sauti ilikuwa imebaki bwenini.

Mjomba akausogelea mchoro. Akaugeuza kichwa chini. Akasema, kwa upendo wote, "Mwanangu, hii si misumari ya ile katambuga? Kisigino kina minne."

Kicheko kilifika stesheni.

Mwalimu Mkuu akaichukua fuwele, akaitia mdomoni, akaing'ata. Mlio ulisikika hadi mstari wa nyuma.

"Chumvi," akasema.

Kisha uso wake ukabadilika. Chumvi imeadimika madukani tangu mwezi uliopita. Akaniuliza kama ninaweza kutengeneza nyingine, nyingi. Akasema huko ndiko kujitegemea kwenyewe. Wenceslaus akakumbatia kiota. Dar es Salaam ilikuwa mbali nami kwa neno moja tu.

"Umeitoa kwenye nini?"

Sijawahi kusema mstarini. Leo nikasema, tena kwa sauti: kwenye chumvi, Mwalimu.

"Chumvi kiasi gani?"

Kijiko kizima.

"Umeweka kijiko, umetoa punje."

Ndiyo, Mwalimu. Na yai.

Hilo la yai hakuniuliza. Nilijitolea.

"Kumbe kicheche," akasema Wenceslaus, taratibu, kama mtu aliyemaliza hesabu ngumu.

Jumatano, 10 Julai
Matofali. Tope hadi magotini. Wenceslaus amerudi kutoka Dar na kutupitia shimoni akiwa na shati jipya. Anasema kilichowavutia wageni ni mtetea wake, baada ya kuwaeleza kwamba hulalia hata chupa. Hayo ni matokeo yangu. Hakunitaja.

Nimetafakari kwa unyofu na kosa nimeliona. Kosa lilikuwa katambuga. Letisia akauliza, na chumvi je? Nikamwambia asichanganye mambo.

Tena leo nimeona kitu kwenye tofali linalokauka. Kinang'aa, kina pembe. Sijakigusa kwa sindano.

Jioni hii Letisia ameteleza shimoni akateguka kifundo cha mguu. Alikuwa pekupeku, namshukuru Mungu. Nimemsikitikia sana. Amesema ni mteguko mdogo, maji ya moto yatatosha. Nimemwambia mifupa haifanyiwi mzaha, na kesho asubuhi namkokota hadi kwa Mjomba mwenyewe, nikiwa na kipande cha tofali mfukoni.