Medali ya Kitale, Utepe wa Bungoma

Jumamosi, 5 Julai 2025

Maonyesho ya okidi, Kitale. Aibu! Nilikuwa peke yangu katika kundi la okidi nyeupe. Peke yangu! Na bado sikupata medali. Nikamwuliza jaji, Mwalimu Jerop, nimeshindwa na nani. Akanieleza kwa upole kwamba chama chao hakilinganishi ua na ua. Kila ua hupimwa kwa ua kamilifu wanalolijua majaji, likapewa alama. Langu halikufikisha. Petali zimejikunja, akasema. Ati zimejikunja! Kwenye okidi za zambarau, jirani yangu Wakiuru na mkaza mwanawe Beth walipata medali wote wawili, kama watu wanaogawiwa chapati. Nami nilishatangaza kanisani kwamba naleta ushindi.

Jumatatu, 7 Julai

Levi, fundi wa baiskeli anayekuza okidi kule Tongaren, amenifungua macho. Anasema chama cha Bungoma hakina habari na alama. Mimea iliyoko mezani hushindana yenyewe kwa yenyewe: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tena wanatazama mmea mzima na wingi wa maua. Nikauliza, na kama hakuna mpinzani? Akasema wa kwanza ni wa kwanza, anapewa utepe mwekundu. Nimempigia katibu wao simu. Okidi nyeupe: hakuna aliyejiandikisha. Mungu hamtupi mja wake!

Alhamisi, 10 Julai

Tatizo. Okidi yangu ina maua machache, na Bungoma wanapenda wingi. Okidi nyeupe ya mke wangu Bilha imejaa hadi inainama. Bilha yuko mji wa Kwanza, kwa mama yake. Huu si wizi. Mali ya nyumba ni moja. Nimeyakata maua yake na kuyafunga kwenye mmea wangu kwa uzi wa kushonea. Nimemwachia ua moja, la chini kabisa. Mume mwingine asingeacha hata hilo.

Jumamosi, 12 Julai

Bungoma. Mezani ni mimi tu! Nilisimama mkono kiunoni, tayari kwa picha. Ndipo Bilha akaingia, amekumbatia chungu chake chenye lile ua moja. Kumbe alijiandikisha kwa simu kutoka Kwanza, ili nyumba yetu isiaibike kanisani. Alipitia nyumbani asubuhi nikiwa nimeshatoka. Aliutazama mmea wangu muda mrefu. Sikujua niweke macho wapi.

Jaji Wekoye akagusa ua moja. Likaning'inia.

"Lakini mzee," akasema, "hii okidi imeshonwa?"

Nikasema ni upepo.

"Baba Kim," Bilha akasema taratibu, "hayo maua si ni yangu?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mmea wangu ukaondolewa. Mezani ukabaki wa Bilha, ua moja, bila mpinzani. Utepe mwekundu! Nikalalamika: si Bungoma mnataka wingi? Wekoye akajibu kwamba wanachagua bora kati ya waliopo, na aliyepo ni huyo. Wakiuru, aliyekuja kutazama tu, alipiga makofi kuliko wote.

Njiani Bilha alikipakata kile chungu kama mtoto mgonjwa.

Jumapili, 13 Julai

Mchungaji akaita familia iliyoshinda. Nikasimama, nikapunga mkono. Bilha naye akasimama, akaomba kanisa limwombee mume wake. Wakaniombea. Kwa sauti.

Nimetafakari. Mimi sina kosa, vyama ndivyo vyenye kosa. Kitale wanashindanisha ua na ndoto, Bungoma wanalishindanisha na jirani. Nitaanzisha chama cha tatu, hapa kwetu Misikhu. Mwenyekiti mimi, jaji mimi. Levi amekubali kuwa mwanachama, nami nimekubali, mradi asilete okidi. Na ili kuepusha ubishi, tuzo ya kwanza itatolewa kabla ya maonyesho. Tayari nimeandika hotuba ya kumshukuru jaji.