Viatu vya Theluji vya Victoria

Jumanne, 14 Aprili 1998

Daftari, hujambo? Darasa la nne nilifundishwa kuandika barua tu, kwa hiyo nakusalimu. Huku Mamba sisi wazima. Baba Victoria mzima. Bibi mzima, magoti tu. Martin, mdogo wake Victoria, mzima, ana kikohozi. Ng'ombe mzima. Victoria mzima, kwa sasa! Jumamosi anapanda mlima, mpagazi, mara ya kwanza. Masika hii! Theluji imeshuka mpaka naiona nikiwa bandani. Jirani Theopista kapita makusudi kuniambia mtoto atazama mpaka shingoni. Hazami mtoto wangu!

Jumatano, 15 Aprili

Nimeshuka Moshi, mitumba. Muuzaji Khamisi ana viatu vya theluji! Ukiviona ni kama machujio ya mbege, pombe yetu ya ndizi, vina mikanda, chini meno. Unavifunga juu ya buti, theluji haikumezi. Jozi mbili. Akasema theluji laini na mzigo mzito, chukua vikubwa. Theluji ngumu na mteremko, vile vidogo vya meno marefu. Akauliza mtoto ana kilo ngapi. Sijui! Nani anapima mtoto wa miaka ishirini na mbili?

Alhamisi, 16 Aprili

Nimempandisha Victoria kwenye mizani ya kahawa, pale chama cha msingi. Karani Melkior alicheka mpaka miwani ikadondoka. Kilo hamsini na nane. Halafu, kwa mazoea, akatoa kilo moja ya gunia! Nikamwambia airudishe, huyu hana gunia. Victoria kanuna mpaka jioni. Anune. Na mzigo juu yake? Vikubwa!

Ijumaa, 17 Aprili

Nimevipata vikubwa kwa mikungu miwili ya ndizi. Nimevijaribu mwenyewe. Theluji sina, nikapanda rundo la maranda kwa fundi Eliona. Khamisi alinionya: tanua miguu, usirudi kinyumenyume. Nilitembea vizuri sana! Theopista akachungulia, akauliza kama natafuta mayai. Nikarudi nyuma nimjibu. Kiatu kikakanyaga kiatu. Maranda mpaka kooni. Nikamwambia nimelala kwa hiari yangu.

Victoria kavikataa. Eti wanaume watamcheka, na mwanamke ni yeye peke yake safari nzima. Basi. Nimevificha chini kabisa ya mzigo wake, juu nikaweka kiburu, yaani ndizi zilizopondwa na maharage, kilo kadhaa. Huko juu nani atampikia?

Jumamosi, 18 Aprili

Nimemsindikiza mpaka geti la mlimani. Kiongozi Eliezeri anapima mizigo. Wa Victoria umezidi! Wapagazi wote wakageuka. Ukafunguliwa mbele yao. Nikasema viatu ni vyangu. Eliezeri akauliza, mama, kumbe nawe unapanda? Nikasema ikibidi! Vicheko. Mmoja akamwonyesha Victoria kidole, akasema huyu atarudi kabla ya chai. Victoria hakucheka. Akatoa kiburu chote, akanikabidhi. Akavirudisha viatu mwenyewe, akafunga, akajitwika. Akawaambia anayecheka atangulie. Hakuniaga.

Nimekula kiburu chote njiani. Kilikuwa na chumvi. Labda ni machozi. Sikulia!

Jumatano, 22 Aprili

Amerudi! Midomo imepasuka, mengine yote yapo. Vidole nimehesabu, vya mikono na vya miguu. Theluji ilikuwepo, mchana inafika magotini. Lakini Eliezeri aliwaondoa alfajiri, ikiwa bado ngumu, wakaikanyaga kwa buti. Viatu vyangu hakuvivaa hata mara moja. Mpishi alivitandaza juu ya ndoo, akaanikia soksi. Vinanuka soksi za watu kumi na wanne.

Eliezeri kasema Victoria alibeba bila kulalamika, na tarehe 2 Mei anamtaka tena. Yule mpagazi aliyesema habari ya chai ndiye aliyeteremshwa anatapika. Nimeenda mpaka kwa Theopista kumweleza. Mara mbili.

Baba Victoria ananiuliza, umeona sasa? Nimeona! Mtoto amepanda na viatu, mtoto amerudi. Anifundishe nini tena?

Victoria kaniomba kwa upole: safari ijayo kiburu tu, mama, viatu visiwepo. Nimeitikia. Vile vidogo vya meno marefu vitaenea ndani ya kiburu, nimeshapima kwa sufuria.

Daftari, wasalimie wote. Khamisi akiviuza kabla sijashuka, niletee habari upesi.