Wagonjwa Wangu Ishirini na Mmoja

Jumanne, 4 Machi

Vijiti saba! Mke wangu amerudi kutoka kliniki ya sukari, amefungua mkoba, ametoa vijiti saba vya kupimia damu vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Saba kwa wiki nzima. Anajichoma insulini asubuhi na jioni, na kabla ya kila sindano anatakiwa ajue sukari yake imefika wapi. Hizo ni mara kumi na nne. Kwa hiyo serikali inataka nusu ya wiki apime, nusu nyingine abahatishe.

Juma lililopita alibahatisha. Nilimkuta jikoni amekaa chini, jasho linamtiririka, ananiita kwa jina la marehemu baba yake. Nikamnywesha maji ya sukari kwa kijiko, nusu yakamwagikia kifuani. Mimi ni fundi cherehani, natunga uzi kwenye sindano nikiwa naongea na mteja, na siku ile kijiko kilinishinda. Sitaki kuyaona tena yale.

Jioni kaja shemeji, kaka yake mke wangu, mwalimu mstaafu. Anasema atamwandikia mganga mkuu wa wilaya barua, wagonjwa wote ishirini na wanane waitie sahihi. Barua! Mtu huyu anaiandikia serikali barua tangu nimwoe dada yake, na hata taa ya mtaani kwake haijawaka. Nikamwambia ni wazo zuri sana. Nilikuwa nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga duka nusu siku, nimekwenda kliniki kumwona karani wa rejista. Tunamwita Muhuri. Anagonga muhuri kila kinachopita mezani, na leo nimemwona akigonga bahasha ya maandazi yake.

Nikamuuliza kwa nini saba. Akasema mgao unafuata rejista. Nikauliza, je, wagonjwa wakiongezeka? Akasema wilaya huangalia idadi. Nikasema ahaa! Hakuniuliza ahaa ya nini. Mtu mzima, ofisi nzima, hana hata umbea.

Wagonjwa wachache, vijiti vichache. Wagonjwa wengi, vijiti vingi. Shemeji na elimu yake yote hajaliona hilo. Nitawaongezea wagonjwa mpaka wakome!

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata watu ishirini na mmoja, wazima wa afya, wote wateja wangu. Masharti: Jumanne ajitokeze kliniki, ajiandikishe kuwa ana kisukari, mimi nimbadilishie zipu bure. Kinyozi kataka zipu mbili. Muuza mkaa kataka koti zima, tukaelewana kwenye bitana. Mwenye bucha kasema yeye zipu hana shida nayo, ila suruali zote zinamvuka siku hizi, nizipunguze kiuno. Nikampima. Kapungua kweli! Nikamtania kwamba anakula mifupa, nyama anawauzia wenzake.

Kikwazo kimoja tu. Hakuna aliyetaka kuipa serikali namba yake ya simu. Wanasema ukishawapa, hawakuachi. Nikawaambia waandikishe yangu, wote. Tatizo dogo, limekwisha papo hapo. Ndiyo tofauti yangu na watu wa barua.

Jumanne, 11 Machi

Tumeingia kliniki kama timu inayoingia uwanjani. Nilihofia kipimo, nikawa nimewapa chai yenye sukari ya kutosha kugandisha kijiko. Kazi bure. Muuguzi kasema wageni hawapimwi, kwa sababu vijiti ni vya walio kwenye rejista tu. Na ili uingie kwenye rejista? Unajibu maswali matatu. Una kiu isiyoisha? Unaamka usiku kukojoa? Umepungua mwili?

Nilicheka, kisha damu ikanichemka. Kliniki ya sukari haipimi sukari! Mzima akijua kujibu anaingia, mgonjwa asiyejua kujieleza anarudishwa nyumbani. Na kuna mtu analipwa mshahara kwa kubuni utaratibu huo.

Watu wangu wakajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wote wakapita. Mwenye bucha naye akajibu ndiyo mara tatu, lakini hakuinuka kitini. Akamuuliza muuguzi kwa sauti ndogo amejuaje. Muuguzi akamtazama, akatoa kijiti mfukoni mwa aproni yake, kijiti alichokinunua mwenyewe, akamtoboa kidole. Kimashine hakikutoa hata namba. Kikaandika tu kwamba imezidi.

Huyu mtu anapasua paja la ng'ombe kwa pigo moja. Leo alilia mbele za watu. Nikampa pole, nikamshika bega, na moyoni nikawa bado namhesabu kama wa ishirini na mmoja. Haya, naandika ukweli.

Mke wangu, akiwa kwenye foleni yake, aliuliza mtaa mzima umefuata nini pale. Nikamwambia ni uhamasishaji.

Jumanne, 18 Machi

Vinne.

Si saba. Vinne! Muhuri kanieleza bila haya kwamba wilaya huangalia idadi mara moja kwa mwaka, mwezi wa saba. Mpaka hapo boksi la vijiti ni lile lile, na waliomo kwenye rejista wanagawana sawa. Tulikuwa ishirini na wanane, sasa tuko arobaini na tisa, hongera kwa uhamasishaji. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakuniambia. Akasema sikumuuliza lini.

Kwa hiyo kinyozi kapewa vijiti vinne. Kachokonolea meno.

Mke wangu kashajua yote. Mke wa muuza mkaa alimshukuru kwa bitana. Nilitegemea anifokee, maana nilikuwa nimejiandaa na majibu. Hakufoka. Kaviweka vile vinne mezani, kimoja kimoja, akaniuliza nimchagulie siku za kutopima. Nina hasira mpaka masikio yanavuma. Ni kina nani hao wanaokaa ofisini na kuona boksi moja linatosha watu hata wakiwa elfu? Wana mama zao? Wana wake?

Barua ya shemeji imekwenda leo, sahihi ishirini na nane. Hakuniomba ushauri.

Jumatano, 19 Machi

Dawa nimeipata! Kilichoingia kwenye rejista kinaweza kutoka. Nimemwambia Muhuri kwamba wagonjwa wangu wote wamehama. Akauliza majina. Hapo nikakwama, maana wengine walijiandikisha kwa majina ya kujitungia, na muuza mkaa nasikia alitumia jina la mkwe wake. Nikamwambia aache majina, aangalie namba ya simu. Kila mwenye namba yangu, kahama.

Alifurahi! Sijapata kumwona akifurahi. Alisema huo ndio utaratibu, akachukua rula na kalamu nyekundu. Nimempa yeye na rejista yake baraka zote, nimerudi dukani nikipiga mluzi. Nilichafua, nimesafisha. Shemeji bado anasubiri posta.

Jumanne, 25 Machi

Cherehani nimeifunika mapema leo.

Vijiti vilimwishia mke wangu Jumapili. Asubuhi ya leo kajichoma sindano kwa kukadiria, kaenda kliniki mapema akapimwe kwanza ndipo ale. Muhuri akafungua rejista akamwambia amehama. Akasema hajahama, yuko nyumba ile ile miaka kumi na tisa. Muhuri akamwonyesha mstari mwekundu. Akamwambia alete barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba amerudi. Amerudi kutoka wapi? Mke wangu akabishana naye akiwa amesimama, hajala, na sukari inashuka. Akaanguka pale pale dirishani kwa Muhuri.

Namba ya simu aliyoiandikisha miaka yote ni yangu. Ni mume wake, angeandika ya nani? Muhuri hakufuta ishirini na mmoja. Alifuta ishirini na wawili.

Mwenye bucha naye alikuwa kwenye foleni, naye kafutwa, yule aliyeugua kweli. Ndiye aliyembeba hadi kwenye benchi. Muuguzi alipora kopo la sukari kutoka meza ya Muhuri, akamtia mke wangu mdomoni kidogo kidogo. Nilipofika nikikimbia, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, alikuwa ameshafumbua macho. Alinitambua. Akasema: "Namba yako, Baba Watoto. Umeniandika kwenye kundi la zipu."

Nilitaka kumpasua Muhuri. Nilitaka kuichana ile rejista na kuwalisha waliotunga huo mgao, ukurasa kwa ukurasa. Ikabaki hasira nyingine nisiyojua niipeleke wapi. Nikampelekea shemeji. Nilimwuliza barua yake imefika wapi. Akasema: "Shemeji, kaa kwanza." Sikukaa.

Alhamisi, 27 Machi

Barua imefika. Mkaguzi katoka wilayani kwa gari, na barua ya shemeji mkononi! Suti ya kaki mifuko minne, mshono wa bega la kushoto umeanza kuachia.

Karibu atupatie vijiti. Kasema kwa mdomo wake kwamba malalamiko yana msingi. Kisha kaomba rejista. Kuna watu arobaini na tisa. Ishirini na wawili wamefutwa kwa wino mwekundu ndani ya siku moja. Wote wana simu moja. Na mmoja wa waliohama, mke wangu, katia sahihi barua na kakaa mbele yake. Mkaguzi akafunga daftari, akasema takwimu zikiwa chafu hivi hawezi kuongeza hata kijiti kimoja, itabidi uchunguzi ufanyike.

Shemeji aligeuka akanitazama. Barua aliyoihangaikia wiki zote hizi, nimeiua kwa zipu.

Ndipo mke wangu akasimama, akishikilia ukuta. Akamwambia mkaguzi aachane na daftari, wagonjwa hawako daftarini, wako hapa, atoke nje awahesabu. Akawapanga uani, mmoja mmoja, kadi mkononi. Mwenye bucha alisimama mwisho. Mkaguzi akahesabu kwa kidole, ishirini na tisa. Alipomfikia, mke wangu akamwonyesha vidole vyake, ncha zimekuwa ngumu kwa kutobolewa, akamwambia kwamba hata vidole hivi vinaomba kazi, serikali ndiyo imegoma.

Mkaguzi aliandika agizo juu ya boneti ya gari. Vijiti kumi na vinne kwa wiki kwa kila mgonjwa, miezi mitatu. Na wageni wapimwe. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji. Mke wangu alikuwa amenikataza kufungua mdomo.

Jumatatu, 31 Machi

Anapima mara mbili kwa siku sasa. Asubuhi anaisoma namba kwa sauti, nami naacha cherehani nisikilize. Leo ilikuwa nzuri. Jana pia.

Amenirudisha mezani kula naye, kwa kiapo. Nimeapa mbele ya shemeji kwamba sitaigusa tena rejista, wala sitamsogelea Muhuri, wala kumpa mtu yeyote namba yangu. Nimeapa kwa moyo mweupe. Nimejifunza. Shemeji alinipa mkono, akaniambia sasa naona faida ya kufuata njia iliyonyooka. Nikakubali. Ana haki, nimemkubalia kabisa.

Lakini miezi mitatu! Baada ya hapo? Mkaguzi alisema itategemea taratibu. Taratibu! Mke wangu aanguke tena dirishani wakisubiri taratibu? Vijiti vipo. Vimejaa bohari ya dawa ya wilaya, muuguzi kaniambia kwa kinywa chake. Na kuhusu bohari sikuapa chochote.

Nimewaza sana juu ya yule mkaguzi. Hakuna aliyemwomba kitambulisho. Muhuri alimfutia kiti kwa leso. Mlinzi wa geti alimpigia saluti kabla gari halijasimama. Sasa, walikuwa wanamheshimu nani pale? Uso hawaujui. Ni suti ile.

Kaki nimeipata, rangi ile ile. Mifuko minne nimeshaikata. Bega la kushoto nitalishona imara kuliko lake.

Mke wangu kachungulia mlangoni kauliza hiyo ni ya nani. Nikamwambia ya mteja mmoja, mtu mkubwa serikalini. Akauliza anakuja lini kuijaribu. Nikasema keshaijaribu, imemkaa vizuri sana.