Waya Ulioanika Siri Zetu Mbele ya Wakwe

Titus Muindi,
Mumbuni, Machakos.

Kwa Bwana Salah Kulmiye,
Muuza nyaya, redio na televisheni,
Machakos Mjini.

Ndugu Salah,

KUH: WAYA ULIONIUZIA WA KUUNGANISHA KOMPYUTA NA TELEVISHENI

Salamu nyingi, nikitumai biashara yako inaendelea vizuri kuliko nyumba yangu. Mimi ni yule mwalimu wa udereva aliyekuja dukani akitaka kuwaonyesha wageni video kwenye televisheni, ukamwelekeza mara mbili jinsi ya kuchomeka waya na bado akauliza upande wa juu ni upi. Nakuandikia kwa heshima, ila kwa uchungu. Waya wako umenivunjia posa ya binti yangu, nami nadai ubebe lawama, kwa sababu nimetafuta mtu mwingine wa kulaumu humu nyumbani na simpati ila mimi mwenyewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Waya hauna adabu ya ndundu. Umekaa na Wakamba vya kutosha, unajua kwamba wageni wakija na mbuzi kuomba msichana, kila upande hutoka nje kunong'onezana kabla ya kujibu, na huko nje ndiko ukweli husemwa. Hiyo ndiyo ndundu. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, nami nikajiona mjanja: nikafungua kikundi cha WhatsApp kwenye kompyuta, tukiwa mimi, ndugu yangu Wambua aliyeketi kando yangu na simu yake, na mke wangu aliyekuwa jikoni. Wageni nikawawekea video ya binti yetu, Syombua, akihitimu chuo. Niliamini televisheni ingeendelea na mahafali huku kompyuta ikishughulikia mambo ya nyumbani. Nilipokuuliza dukani waya huu unabeba nini, ulinijibu, "Hii inabeba kila kitu, mzee." Nilidhani unasifu bidhaa.

2. Waya haukunigusa bega. Mwenyeji mwema huwatazama wageni wake, kwa hiyo mimi na Wambua tulikuwa tumeipa televisheni mgongo. Kila siku nawafokea wanafunzi wangu kwa kutotazama vioo kabla ya kuondoa gari, lakini hadi wageni walipoondoka sikugeuza shingo hata mara moja. Sauti ya bendi ya mahafali iliendelea kusikika, wageni wamekodoa macho juu ya kichwa changu, nami nikajaa fahari. Mzee Ndunda, baba wa kijana, alitoa miwani mfukoni akaivaa. Nikamuuliza kama anaona vizuri. Akasema, "Tunaona sawasawa kabisa, mwalimu."

3. Waya uliwasomea watu barua zangu: kila tulichoandikiana kwenye kikundi kilitokea kwenye televisheni. Niliandika kwamba yule mjomba mwenye koti la kahawia anamaliza chapati, sahani isogezwe. Mjomba akairudisha chapati aliyokuwa ameshaikunja. Nikamsihi ale, akakataa, nikashangaa jinsi watu wa Muthetheni, walikotoka wageni, walivyo na kiasi. Wambua akaandika niseme mbuzi wao wamekonda. Nikamjibu atulie, kwamba tutaomba wengi lakini wakikaza hata nusu tutachukua. Nilipotaja idadi yetu kwa sauti nzito, Mzee Ndunda alitoa nusu kamili, bila kupunguza wala kuongeza. Nikamwandikia Wambua kuwa mzee huyu si wa kawaida, labda ana waganga. Hata hilo alilisoma.

4. Waya ulitumia vibaya heshima za watu. Mgeni hamwambii mwenye nyumba kwamba siri zake zinaonekana. Ni kama kumwambia suruali imepasuka. Msichana naye hasemi neno katika kikao cha posa yake. Syombua aliingia na chupa ya chai, akatazama televisheni, akakohoa. Akakohoa tena. Nikamwambia anywe maji ya limau.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mke wangu aliandika kutoka jikoni: "Kwani wewe unataka nini hasa?" Nami, nikidhani nazungumza na jiko peke yake, nikaandika jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: "Sitaki mbuzi. Nataka hawa watu waende kwao waniachie mtoto wangu. Akitoka yeye, nani atacheka humu ndani?"

Musili, kijana mwenyewe, aliinamisha kichwa. Mzee Ndunda akavua miwani, akasema wanaenda ndundu, wakatoka nje kwenye mvua, na ndundu yao ikaishia ndani ya pikapu pamoja na mbuzi. Kwetu neno la baba katika kikao kama kile halirudishwi mdomoni. Sasa Muthetheni nzima inajua kwamba Muindi amekataa, na Syombua hunipa chai bila kunitazama. Naogopa, Salah. Nilitaka akae nasi kidogo tu, sikutaka aachwe.

Kwa hayo yote nadai, kwanza, unipe waya unaojua kutenganisha maneno ya wageni na ya wenyewe. Pili, ufunge safari hadi Muthetheni ukaape mbele ya wazee kwamba yale yalikuwa maneno ya waya, si yangu. Kama usafiri ni shida, nitakupeleka mwenyewe, mradi wewe ndiwe utakayeshuka kwanza. Tatu, uiombe serikali iagize kila waya wa aina hii uapishwe kutunza siri kabla ya kuuzwa, kama wanavyoapishwa wakubwa.

Nisalimie mkeo Haweya, wafanyakazi wako wote, majirani zako wa duka hadi kule sokoni, na yeyote aliyeniona siku ile nikitoka kwako na waya shingoni kwa mikogo.

Wako aliyeaibika lakini mwenye msimamo,
Titus Muindi

N.B. Nilimpa Syombua barua hii anisahihishie kabla sijaituma. Alirudi nayo, akaketi karibu nami, akauliza jambo moja tu: yale maneno ya mwisho kwenye televisheni yalikuwa ya waya au yangu? Nikasema yangu. Alilia kidogo, nami sikuwa mbali na kulia, kisha akampigia Musili. Kumbe hakuna aliyekasirika kule. Mzee Ndunda aliwaambia wenzake ndani ya pikapu kwamba baba anayempenda mtoto namna ile haharakishwi, apewe muda. Wanarudi Jumamosi. Kwa hivyo madai yote hapo juu uyafute, na Muthetheni usiende. Ila niwekee waya mwingine kama huu, nitaupitia kesho, maana Mzee Ndunda ameuagiza. Anasema naye ana mambo ya kumwambia mwanawe kabla hajaoa, na hajui aanzie wapi.