Sahihi ya Sajini

Redio alikuwa amesimama, mguu mmoja juu ya benchi, gazeti ameliinua hadi puani, akisoma kwa sauti ya kuwafikia hata waliokuwa wakikimbilia treni ng'ambo ya barabara. Jina lake la kanisani ni Muigai, lakini hata kanisa limeshalisahau. Gazeti lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa limefungia viatu vya mteja wangu, ambavyo sasa vilikuwa uchi juu ya boksi langu la misumari.

"Sikizeni, nyinyi watu hamna habari! 'Kanuni za chuo cha polisi zakazwa. Makurutu kutoka kila pembe ya nchi wataendelea kufunzwa chuo kimoja, chini ya sheria moja.' Haya. 'Nywele zisizidi nusu inchi. Kucha zikaguliwe kila asubuhi. Blanketi likunjwe pembe nne. Kuoa au kuolewa kabla ya kuhitimu, marufuku. Kucheka kwenye gwaride, adhabu.'"

"Na hongo?" akauliza Wamboi. Huyu huuza mahindi ya kuchemsha hapo kando, na kwa tabia yake ya kukatiza watu maneno tulimpa jina la Spika. "Wameandika nini juu ya hongo?"

"Ngoja, itakuwa page ya pili." Redio akageuza. "Hapana. Hapa ni mpira."

Tukacheka. Hapa ni kwa Ayub, Ruiru, mkabala na stesheni, mwaka huu wa tisini na sita. Ruiru imezungukwa na mibuni pande zote na watu wake wote hunywa chai. Ni Ayub peke yake aliyethubutu kuuza kahawa ya tangawizi, na sisi tukamkubali kwa sababu benchi lake halina msumari uliotokeza. Najua, kwa kuwa misumari yake niliipigilia mimi mwenyewe. Mimi ndiye fundi viatu wa hapa.

"Hiyo chuo kimoja ni makosa," Ayub akasema huku akimimina. "Kila mkoa ungekuwa na chake. Mtu wa Pwani afunzwe Pwani, polepole, kwa adabu."

"Wacha wewe! Hiyo chuo moja ndio imeleta umoja wa hii nchi," Redio akamjia juu. "Mimi nimeshikwa Mombasa, nimeshikwa Kisumu, nimeshikwa hapa Githurai. Karao wote wananiuliza swali ile ile, na uso ile ile: 'Unajua unaongea na nani?' Sasa hiyo mtu hajifunzi kwao. Hiyo ni silabasi!"

"Miezi tisa mtu anafunzwa kukunja blanketi," Wamboi akasema, "halafu analetwa hapa kumwaga sufuria yangu ati sina laiseni. Hiyo ya kumwaga sufuria inafunzwa mwezi wa ngapi?"

"Wa nane," Redio akajibu. "Wa tisa ni kukula hayo mahindi."

Kwa kawaida hapo ndipo Sajini angeingilia. Mzee Opiyo alihamia mtaa wa Kiuu, hapa jirani, miaka minne iliyopita, baada ya kustaafu kutoka chuo hicho hicho cha polisi. Mgongo wima, kofia ya khaki, fimbo nyeusi yenye kifuniko cha shaba imebanwa kwapani. Tulimpa kiti cha mwanzo cha benchi, kile kisichopigwa na jua. Ukimpigia saluti hajibu. Husema kanuni haimruhusu kuwapigia raia saluti, na kwa hilo tulizidi kumheshimu. Lakini tangu Jumatatu jioni hakuonekana, na leo alikuja akakaa kimya, macho barabarani.

"Sajini, si utuambie," Redio akamchokoza. "Hiyo mahali inaendeshwa aje?"

Sajini alijaribu kunyamaza. Nilimwona akijaribu. Lakini sifa ni utamu, na utamu hauna mkubwa.

"Yawa, nyinyi mnafikiria chuo kinaendeshwa na kamanda? Kamanda anaamka saa kumi na mbili. Mimi saa kumi niko macho. Bila mimi, gwaride hakuna. Nikichelewa dakika kumi, makurutu mia nane wanasimama hivi, laini moja, wananiangalia mkono."

"Wacha!"

"Kuna wakubwa leo wanatembea na bendera kwa gari. Hao nimewaliza. Machozi mpaka kwa kidevu."

"Na hii fimbo?"

"Na hii hii."

Ayub akamwongeza kikombe cha pili. Hakukinywa, maana wakati huo huo walitokea Kiilu na binti yake. Kiilu tunamwita Nusu Heka kwa ajili ya shamba lake la Murera, ambalo ukimsikia akilieleza utadhani lina twiga. Sajini alipowaona, akaanza kuinuka.

"Sajini!" Kiilu alikuwa anahema. "Ngai asifiwe, malaria imekuachilia?"

"Malaria?" Wamboi akageuka. "Si mimi uliniambia ulikuwa matanga?"

"Zilifuatana," Sajini akasema, akakaa tena. "Baba Dianah, mimi nilijua mtoto ameripoti chuo jana."

"Ni kesho. Kesho saa sita mchana geti inafungwa. Ukifika saa sita na dakika moja, unarudi kwenu na sanduku yako."

Dianah alikuwa nyuma ya baba yake, ameshika karatasi kwa vidole viwili ili asiichafue. Tulijua habari zake sote. Alikimbia peku katika uwanja wa Thika, akapimwa urefu, akahesabiwa meno, na katika wasichana wote wa siku hiyo wakachukuliwa wawili, naye mmoja wao. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu kujaribu, na mwakani umri utakuwa umempita. Sanduku lake la bati lilishapakwa rangi nyeusi na jina kuandikwa kwa nyeupe. Jina hilo niliandika mimi.

Redio akaipokonya fomu, maana karatasi yoyote yenye maandishi huiona ni yake. "'Mdhamini wa kurutu awe afisa wa polisi, aliye kazini au aliyestaafu, wa cheo cha sajini kwenda juu, aliyemjua kurutu kwa miaka isiyopungua mitatu. Ajaze cheo na namba ya kazi. Atakayetoa habari za uongo atashtakiwa, na kurutu atafukuzwa papo hapo.' Haiya! Hii sasa ndio kanuni."

"Pale stesheni ya polisi wamekataa," Kiilu akasema. "Wanasema wote ni wageni hapa, mtoto hawamjui. Nikawaambia, kaeni na sahihi zenu, mimi niko na Sajini wangu. Miaka nne tunakunywa kahawa benchi moja."

Nikatoa biro yangu. Sajini akaweka fomu juu ya goti, akaandika jina lake taratibu: Opiyo. Kisha biro ikafika penye cheo, ikasimama.

"Andika," Redio akamsaidia. "Kwani sajini inaanza na nini?"

"Hii biro haiandiki."

Nikampa nyingine.

"Hii nayo inavuja."

"Hebu jaribu yangu," Ayub akasema.

"Macho, unajua. Hii jua..."

Ayub akavua miwani yake akamvalisha. Jasho lilikuwa limeanza kumtiririka Sajini chini ya kofia, na alikuwa amekaa kivulini. Wamboi aliacha kufunika mahindi yake.

Dianah akachuchumaa mbele yake. "Mzee, kama kuna shida niambie tu. Mimi kurudishwa nimezoea."

Hakulisema kwa hasira, na nadhani hilo ndilo lililommaliza. Sajini akavua miwani, akaiweka biro chini.

"Mimi si sajini."

Redio akashusha mguu kutoka kwenye benchi.

"Koplo, basi?" Redio akauliza kwa matumaini. "Ama konstebo? Hata konstebo, si tutaongea?"

"Mpishi."

"Mpishi wa?"

"Wa chuo. Miaka ishirini na mbili jikoni. Siku ya kwanza nilikuja hapa na hii kofia, wewe Redio ukaniita Sajini, huyu Ayub akanipatia kiti. Nikasema wacha nikae leo, kesho nitawaambia."

"Hiyo kesho imechukua miaka nne!" Wamboi akapiga makofi. "Ngoja kwanza. Na hao wakubwa wa bendera uliwaliza?"

"Ni vitunguu. Makurutu walikuwa wanapewa zamu ya jikoni."

"Wale mia nane wa kukuangalia mkono?"

"Walikuwa na njaa."

"Na fimbo?" Redio aliuliza hivyo huku sauti ikianza kumtetemeka.

Mzee Opiyo aliitoa kwapani akaitazama. "Ni mwiko wa ugali. Nilikata kichwa."

Redio alicheka mpaka akakalia gundi yangu. Ayub aligeuka akawa anaosha kikombe kilichokuwa safi. Mimi nilitaka kucheka, sisemi uongo, lakini nilimwona Kiilu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Opiyo," akasema. Hatukuwahi kumsikia akimwita hivyo. "Hawa wacha wacheke, kwao hakuna kitu imeharibika. Mimi wiki mzima nazunguka na huyu mtoto nikisema niko na Sajini. Ungeniambia Jumatatu, ningeenda mpaka Machakos. Huko kuna inspekta anamjua huyu tangu azaliwe. Sasa ni saa tano, na gari yake inatoka alfajiri. Mimi nilikukosea nini?"

Mzee Opiyo akaiinamia fomu iliyokuwa gotini.

"Si aandike tu Sajini!" Redio akasema kutoka kwenye gundi. "Nani ataenda kuangalia?"

"Wataangalia namba," Mzee Opiyo akasema. "Watamtoa kwa laini mbele ya wenzake, na uji yake bado haijapoa. Nimeona wakifanya hivyo. Hiyo uji ni mimi nilikuwa nimemimina."

Dianah akanyoosha mkono achukue fomu yake. Mzee hakumpa. Aliigeuza upande wa pili akaweka kidole chini kabisa, mahali ambapo mimi niliona ni doa tu.

"Redio, wewe unasoma mbele peke yake. Soma hapa."

Redio akakodoa macho. "'Ama... mtumishi raia aliyefanya kazi ndani ya chuo kwa miaka isiyopungua kumi na mitano. Ajaze cheo chake halisi na namba.' Ngai! Kwani hii imetoka wapi?"

"Kanuni zote za chuo zilibandikwa kwa ukuta, juu ya sufuria yangu. Miaka ishirini na mbili mimi nasonga ugali nikizisoma. Kamanda wanabadilishwa, kila mmoja anaongeza yake. Hakuna mtu alikuwa anazijua kuliko mimi."

"Kwa hivyo ulijua?" Wamboi akamsimamia, mikono kiunoni. "Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu, Baba Dianah aliponionyesha."

"Na bado ukajificha wiki mzima? Si ungeweka sahihi uende?"

"Hapo inasema cheo halisi," Mzee Opiyo akajibu, kwa sauti ndogo. "Na Baba Dianah angesoma."

Wamboi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza Spika akakosa la kusema.

Mzee akaichukua ile biro aliyosema haiandiki. Akaandika kwa herufi kubwa, polepole, sote tukiwa tumemwinamia: MPISHI, DARAJA LA PILI. Namba yake ya kazi akaimwaga bila kufikiri. Kisha akatia sahihi, nzuri kweli, yenye mkia.

"La pili?" Wamboi akauliza, sauti ikiwa imemrudia. "Hata la kwanza hukufika?"

Hapo tukacheka sote, na Mzee Opiyo pia, japo chake kilichelewa kidogo.

Kiilu hakucheka. Aliisoma fomu mbele, akaisoma nyuma, akaikunja, akaitia ndani ya kofia yake na kuivaa. Akamtazama mzee aliyekuwa ameshaondoka kwenye kiti cha mwanzo na kusogea hadi mwisho wa benchi, juani.

"Rudi kwa kiti yako," akamwambia. "Hiyo jua itakuua, halafu waseme mdhamini amekufa."

Mzee akarudi. Dianah alikuwa bado amesimama pale.

"Mzee, huko nikifika niogope nani?"

"Usiogope mtu. Sajini atapiga kelele, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini siku ya kwanza kabisa, mtafute mpishi. Msalimie kwa jina, umuulize ametoka wapi. Miezi tisa ni mingi, mama."

Dianah akanyooka. Akakusanya visigino, akakanyaga mchanga wa Ruiru kwa nguvu mpaka vikombe vya Ayub vikalia, akampigia saluti ambayo hata hajafunzwa bado. Safari hii hapakuwa na kanuni ya kujifichia. Mzee Opiyo akasimama, mwiko kwapani. Mkono wake ukapanda, ukasita katikati, hakujua uende wapi. Kisha ukaja mbele wenyewe, kiganja juu, kupokea sahani.

Wamboi akafunua sufuria, akatoa hindi moja la moto, akaliweka kwenye kile kiganja.

"Onja," akamwambia. "Uniambie kama chumvi imetosha. Miaka nne nauliza Redio, na mwenye kujua alikuwa amekaa hapa."

Akaonja. Tukangoja, laini moja.

"Bado kidogo," akasema.